Waya wa Mashine ya Kahawa

Fomu ya makabidhiano ina kurasa nne. Tatu na nusu ni za kuorodhesha vitu: meza, viti, pampu, mita, makabati na funguo zake. Mwishoni kabisa ipo mistari miwili tu, na juu yake pameandikwa "Maelezo mengineyo". Nilipofika hapo, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwa fundi wa maabara ya fizikia, kalamu ilisita. Nikaiacha mistari ile mitupu, nikasaini, nikamwachia shahidi naye asaini, nikaenda kwenye sherehe ya kuagwa. Haya ninayoandika sasa ndiyo yaliyoshindwa kuenea pale. Nawaandikia ninyi mnaonirithi, na hasa wewe, mtu wa Singida, uliyepokea funguo na kuniuliza kwa nini kuna sumaku inaning'inia msumarini mlangoni, na kwa nini kuna mmea kwenye kopo la kahawa dirishani. Nilikujibu kwamba ni mapambo. Nisamehe, nilikuwa na haraka ya pilau.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa Machame mwenye cheti kipya na saa ya mkononi. Aliyenipokea mlangoni ni Mzee Laurenti, fundi mkuu wa wakati ule. Yeye alikuwa Mkibosho na Mkatoliki, mimi Mmachame na Mlutheri, kwa hiyo tulikuwa na sababu mbili za kutaniana kabla hata ya kujuana majina. Kando ya mlango, kwenye msumari, alikuwa ametundika sumaku ya duara iliyotolewa kwenye spika ya redio, kwa kamba ya katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vua saa."

"Saa hii alinipa mjomba, mzee."

"Sijauliza ya nani. Mle ndani kuna kitu kinakula saa. Vua."

Nilijua Wakibosho wanavyosemwa kwetu, nikaona mzee ameitamani saa yangu. Nikaisukuma ndani ya mkono wa shati, nikaingia nayo. Ile sumaku kubwa ya umeme, yenye koili mbili kama magurudumu ya toroli, ilikuwa imewashwa. Nikapita kando yake na hakuna kilichotokea, nikacheka moyoni. Kumbe saa za kutia ufunguo zikishikwa na sumaku hukimbia, na yangu ilianza kukimbia saa ile ile. Jumanne nilifika kazini robo saa kabla ya wenzangu. Jumatano ikawa nusu saa. Ijumaa nilimkuta mlinzi anapiga mswaki. Mkuu wa idara akanisifu mbele ya watu kwa bidii yangu, na Mzee Laurenti akaitikia kwa kichwa kama aliyenifundisha yeye. Jumatatu yake ndipo akanyoosha kiganja.

"Lete hiyo saa, mfanyakazi bora."

Aliitibu kwa koili ya redio iliyoitoa usumaku, akanirudishia, na kuanzia siku hiyo nikawa nachelewa kama watu wengine. Kisha akanifundisha sheria yake moja. Kila kinachoingia maabara, iwe skrubu, waya, kijiko au kopo, kinapita kwanza kwenye sumaku ya mlangoni. Kinachonaswa hakikai karibu na kipimo. "Sumaku haina haya," alisema. "Itashika chochote cha kwake, hata mbele za watu. Kwa hiyo iulize kwanza mlangoni." Nami kwa miaka mingi nilipitisha kila kitu pale, hata funguo za nyumbani, hata kijiko cha chai cha Mzee Laurenti mwenyewe. Chake kilinasa, na nilimtania kwa hilo mpaka alipostaafu.

Miaka iliyofuata nitairuka. Habari za vyeo mtazisoma kwenye faili langu siku mkikosa kazi. Niseme tu kwamba nilijifunza kusikiliza pampu ya kuvuta hewa, maana ikianza kukohoa huna hata dakika kumi kabla haijatema mafuta. Nilitengeneza kishinikizo cha unga kwa jeki ya lori niliyoinunua sokoni Kiboriloni, na bado mnakitumia. Nilijifunza pia kwamba maji ya Moshi huchemka kabla ya kufika nyuzi mia, kwa sababu tuko juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo anayesawazisha kipimajoto kwa maji yanayochemka lazima asome kwanza kipimo cha mgandamizo wa hewa. Kila mwaka alitokea mwanafunzi mmoja wa Dar aliyebishana na sufuria.

Mzee Laurenti alipoondoka aliniachia stuli yake na sumaku. Stuli niliitunza. Kisha wakaja wapaka rangi, nikaitoa sumaku msumarini, nikaiweka juu ya kabati. Rangi ilipokauka nilitundika pale kalenda yenye picha nzuri ya mlima, kana kwamba nikifungua dirisha naona Singida na si mlima wenyewe. Sumaku siku moja ikateleza nyuma ya kabati. Niliisikia ikianguka. Nikasema nitaitoa kesho.

Miaka kadhaa baada ya kesho hiyo akaja Haika.

Haika ni binti wa Marangu. Alikuja kusomea shahada ya uzamili, na Dokta, msimamizi wake, alimleta maabara asubuhi moja akamwacha mbele yangu kama mzigo uliofika na basi.

"Shikamoo Mzee Eliamani."

"Marahaba, mwanangu. Unahitaji nini?"

"Meza, asidi, na mtu ambaye hatanicheka."

"Meza ipo. Asidi ipo."

Akacheka yeye, na tukaelewana hapo hapo. Alikuwa amebeba mfuko wa mchanga mweusi. Mnaujua mchanga ule. Mvua kubwa zikinyesha mlimani, huteremka na vijito na kubaki umejipanga mistari kwenye mitaro. Sisi tulikua tukiukanyaga. Haika alikuwa amezungushia sumaku mfuko wa plastiki, akaiburuza kwenye kijito kinachopita chini ya kihamba cha bibi yake, yaani shamba la migomba la nyumbani, akakusanya chembe za chuma tu. Bibi alisimama juu ya ukingo akamuuliza anavuna nini. Akajibu anavuna mlima. Bibi akamwambia basi abakize kidogo, watalii bado wanakuja.

Nitaeleza alichotaka kukijua, maana kesi yote imesimama hapo. Aliyeyusha zile chembe kwenye asidi, akamimina amonia, na chini ya bilauri ukatua unga mweusi. Punje za unga ule ni ndogo mno. Chukua milimita moja, igawe vipande milioni. Kipande kimoja ndicho nanomita. Punje zake ndogo kabisa zilikuwa na upana wa nanomita kumi hivi. Alitengeneza pia za ukubwa wa kati na kubwa, tukazishindilia kwa jeki ya lori zikawa vidonge tisa vyeusi vya ukubwa wa sarafu. Kidonge kinapashwa joto upande mmoja, halafu unapima ni kiasi gani linafika upande wa pili.

"Sasa hilo nalo la kusomea miaka miwili?" nilimuuliza. "Joto linatoka kwenye moto linakuja kwenye baridi. Hata paka wa jikoni anajua."

"Linapitaje, Mzee?"

"Linapita."

"Ndiyo nakuuliza, linapitaje?"

Akanikalisha kwenye stuli ya Mzee Laurenti akanifundisha, mimi na mvi zangu. Atomu zikipashwa zinatikisika, moja inamsukuma jirani yake, na hivyo joto linasafiri. Hiyo ni njia ya kwanza. Lakini katika kitu cha sumaku kila atomu nayo ni kisumaku kidogo. Kimoja kikiinama, jirani yake naye anainama, na mwinamo huo husafiri kama wimbi, nao unaweza kubeba joto. Hiyo ni njia ya pili. Ukileta sumaku kubwa kutoka nje, visumaku vile vinashikwa visiiname ovyo, na njia ya pili inabanwa. Swali la Haika lilikuwa hili: katika punje ndogo namna ile, je, njia ya pili ipo na inabeba kitu? Kama ipo, ukiwasha sumaku joto linalofika upande wa pili litapungua. Vifaa vyote vidogo vya siku hizi, kuanzia simu zenu zinazowaunguza mapaja, vina tatizo la joto lisilojua pa kupita, kwa hiyo swali halikuwa la mchezo.

Wiki ya tatu ya vipimo, kabla hatujawasha sumaku kubwa hata mara moja, waya wa kupimia joto ulikatika. Ni waya pacha wa metali mbili zilizochomelewa ncha, mafundi tunauita themokapo. Ule wa kifaa chetu ulikuwa mwembamba na wa aina yake, na kuagiza mwingine kulikuwa na maana ya kusubiri miezi. Haika alikaa chini akajishika kichwa. Nami nikasema lile neno ambalo mafundi wote wa nchi hii tumelisema, na wengi tumezikwa nalo: "Usijali, hakuna kinachoshindikana."

Mjini kuna jamaa anayekaanga kahawa, na mashine yake inapimwa joto kwa themokapo. Alikuwa na kipande kilichobaki. Nilikichukua, nikakisafisha harufu ya kahawa, nikakifunga kwenye kifaa kwa ustadi ambao hata leo naona fahari kuutaja. Nikakisawazisha kwa barafu, nikakisawazisha kwa maji yanayochemka huku nikisoma mgandamizo wa hewa. Kikasoma sawasawa. Kitu kimoja sikufanya, nacho ni kukipitisha mlangoni. Mlangoni kulikuwa na kalenda.

Vipimo vikaendelea. Na tazama, kila tulipowasha sumaku kubwa, namba ya upande wa pili ilishuka. Kidogo, lakini kila mara. Tukizima inapanda, tukiwasha inashuka. Haika alicheza pale katikati ya mabomba. Dokta alileta soda na maandazi, jambo ambalo halijatokea tena mpaka nastaafu. Mimi nilisimama kando kama mshenga ambaye posa yake imekubaliwa.

Siku moja tu Haika alikunja uso. "Mzee, mbona punje kubwa na ndogo zote zinashuka sawasawa? Si zingetofautiana?"

"Zote si watoto wa kijito kimoja?" nilimjibu.

Hilo ndilo jibu la kisayansi nililotoa. Dokta naye alitoa la kwake lililojaza mbao mbili, lakini tulikuwa tumekosea sawasawa. Haika akaandika sura nzima juu ya njia ya pili, ikawa ndiyo moyo wa tasnifu yake. Wakaandika na makala ya jarida, yeye na Dokta, na jina langu likawekwa kwenye shukrani. Makala ilipangwa kutumwa Jumatatu.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo nilikuwa nimebakiza siku kumi na saba nistaafu. Nilivuta kabati ili nihesabu vilivyo nyuma yake kwa ajili ya makabidhiano, na pale chini, ndani ya buibui, ilikuwa sumaku ya Mzee Laurenti. Niliifuta kwa shati, nikafurahi kama niliyekutana na mzee mwenyewe, nikaiweka mezani karibu na kopo la mabaki ya nyaya. Kipande kimoja cha waya kikaruka kutoka kwenye kopo kikaishika.

Kilikuwa cha ile mashine ya kahawa.

Nilikibandua. Nikakiacha, kikarudi. Wa pili wa pacha ule haukushikwa, lakini mmoja ulishikwa. Mkaanga kahawa hana sumaku, kwake waya ule ni mzuri kabisa. Sisi tulikuwa tumeufunga katikati ya sumaku kubwa kuliko zote Moshi, halafu tukauuliza kwa uaminifu kama sumaku inabadilisha kitu.

Nilijiambia huenda si kitu. Nikatafuta namna ya kuhakikisha. Dirisha la stoo lina kioo kilichovunjika, nikakata kipande cha ukubwa wa kidonge, nikakifunga kwenye kifaa mahali pa unga wa Haika. Kioo hakina usumaku wowote, hakina njia ya pili wala ya tatu. Nikawasha sumaku. Namba ikashuka, kiasi kile kile. Nikazima, ikapanda. Nikarudia mara sita. Kioo cha dirisha la stoo kilikuwa kinastahili shahada ya uzamili.

Niliketi kwenye stuli. Nitasema ukweli, maana nimekwishastaafu: niliogopa. Si kwa ajili ya Haika kwanza, kwa ajili yangu. Nilikuwa fundi ambaye vijana walisema hakosei, na kuaga kwangu kulikuwa kumepangwa hadi kwaya. Hakuna mwingine aliyejua. Ningetupa kioo, ningerudisha sumaku nyuma ya kabati, na baada ya siku kumi na saba ningekuwa nyumbani nakunywa mtori wa ndizi. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, kisha nikafunga mlango nikapanda zangu Machame.

Jumapili tulikwenda ibadani. Kwetu baada ya ibada hunadiwa sadaka za mazao, na mimi, kwa mawazo niliyokuwa nayo, nilipanda dau kwa nguvu juu ya mkungu wa ndizi nilioubeba mwenyewe asubuhi kutoka shambani. Nikaushinda. Mke wangu, Mama Neema, alitembea nami hadi nyumbani, mkungu ukiwa begani kwangu kwa mara ya pili siku hiyo. Tulipofika ndipo akauliza.

"Baba Neema, nini kinakutafuna?"

Nikamwambia yote, hadi kioo. Akamenya ndizi tatu kabla ya kujibu.

"Huyo binti anajua?"

"Hapana."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na kioo."

"Na sasa mimi. Basi kesho atajua."

Nikatoka hadi kwenye mpaka wa kihamba, nikakata isale. Wewe mtu wa Singida, ndio ule mmea wa koponi uliouulizia: una majani marefu ya kijani, na tunaupanda mipakani. Huku kwetu aliyekosa akija na isale mkononi, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mashauri mazito yamemalizwa na jani hilo. Kwa kawaida hupelekwa na mtu wa kati, na kwa kawaida mzee halipeleki kwa mtoto. Mama Neema aliyasema yote mawili.

"Tafuta mtu akupelekee."

"Mtu gani wa huku ataweza kueleza habari za themokapo?"

Akafikiri, akakubali. Akaongeza tu kwamba nikate lenye kipande cha shina, kwa sababu jani tupu linanyauka njiani na mimi naenda na basi.

Jumatatu saa mbili asubuhi Haika alikuwa tayari mezani, kompyuta imefunguliwa. Aliniona nimesimama mlangoni na isale mkononi, akacheka sana.

"Shikamoo Mzee. Umegonga gari la nani?"

"Marahaba. Isale ni lako."

Kicheko kikabaki usoni kwa muda, kama mtu aliyesahau kukiondoa. Nikamwomba asitume makala. Nikamwonyesha waya ukirukia sumaku, nikamweleza na habari ya kalenda mlangoni. Nikafunga kioo kwenye kifaa, nikamwambia awashe mwenyewe. Akawasha. Akaangalia namba ikishuka. Akazima, akawasha tena. Akakaa.

"Hiki ni nini?"

"Kioo cha stoo."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. Nilimnyooshea isale. Hakulipokea.

"Mzee, hii siyo fea kabisa. Unajua siwezi kulikataa. Ungekuja mikono mitupu ningekufokea mpaka ukome. Umekuja na isale, sasa hasira yangu naipeleka wapi?"

Alikuwa na haki. Katika hofu yangu nilikuwa nimeleta silaha. Nikaliweka isale mezani.

"Nifokee kwanza," nikamwambia. "Ukimaliza ndipo upokee. Lenyewe halina haraka."

Akanitazama kuhakikisha sitanii. Kisha akanifokea. Vijana, nimefokewa na wakuu wa idara watano na mama mkwe mmoja, lakini sijawahi kufokewa kwa mpangilio vile. Alianza na waya, akaja kwenye kalenda, akaja kwenye watoto wa kijito kimoja, akapitia neno langu la hakuna kinachoshindikana, akaniuliza kama najua bibi yake amewaambia watu wangapi Marangu. Alichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kichagga cha Marangu, ambacho kwa bahati mbaya nakielewa. Nilisimama nikasikiliza. Kila neno lilikuwa kweli, na liliniuma, na kwa namna fulani lilinipunguzia mzigo. Alipomaliza alikuwa anahema. Akainama, akalichukua isale kwa mikono miwili.

"Aika, mbe," akasema, kama inavyotakiwa, ahsante kwa mkubwa. Kisha: "Una siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Vidonge tisa. Twende."

Nilipiga simu kila mahali, nikapata waya wa aina ya kwanza kwenye chuo kimoja cha Arusha, ukaja na basi mchana wa siku ya pili. Ulipofika maabara, Haika aliuchukua kabla yangu akaupitisha kwenye sumaku ya Mzee Laurenti, ncha hadi ncha, akinitazama. Haukunaswa. Dokta tulimweleza pamoja. Alifuta mbao zake mbili polepole, akasema kwamba na yeye angepaswa kuomba kioo tangu mwanzo. Sikutegemea neno hilo kutoka kwake. Nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa mbao.

Tulipima vidonge vyote tisa, na kioo mwanzoni na mwishoni kila siku. Tukiwasha sumaku, namba haikutikisika. Kama njia ya pili ipo katika punje zile, haibebi kitu cha kuonekana kwa kifaa chetu. Sura iliyokuwa moyo wa tasnifu ikawa kurasa tatu. Lakini jambo jingine lilijitokeza safi zaidi, kwa sababu waya sasa ulikuwa unasema kweli: kadiri punje zinavyokuwa ndogo, ndivyo joto linavyopita kwa shida. Haika alinionyesha mchoro.

"Unaona, Mzee? Ndani ya punje linakimbia. Linakwama mpakani, kila punje inapogusana na nyingine. Punje zikiwa ndogo, mipaka inakuwa mingi."

"Ungeniuliza," nikamwambia. "Kesi zote za huku zinakwama mpakani."

Akanirushia kifutio. Nikajua tumerudi.

Siku ya mwisho nikaaga, kwaya ikaimba, nikapewa saa ya ukutani. Haika alinipokonya mbele ya wageni, akaipitisha kwenye sumaku, akatangaza kwamba haijadhurika bado na kwamba isije karibu yangu.

Wiki chache baadaye nilishuka Moshi nikiwa na suti kumsikiliza akiitetea tasnifu yake. Mtahini alikuwa profesa kutoka Dar, mtu mpole mwenye maswali makali. Alifungua kurasa zile tatu. "Hapa umeandika kwamba vipimo vyote vya awali vilifutwa kwa sababu ya waya. Kosa kama hili wengi hawaligundui kamwe. Wewe uliligunduaje?"

"Fundi wetu aliniletea isale."

"Isale ndicho kifaa gani?"

Chumba kizima kilicheka, Dokta akiwa wa kwanza. Haika hakucheka. "Ni cha kusahihishia makosa, Profesa. Huku kwetu kinaota chenyewe."

Alipita. Nilitoka nje nikajifanya napiga simu.

Kabla ya kupanda basi nilipita ofisini kuchukua nakala ya fomu ya makabidhiano, maana watu wa mafao ya kustaafu wanaihitaji. Niliifungua pale pale kaunta kuhakikisha hakuna ukurasa uliopotea. Nilikuwa nimesahau kwamba shahidi wa maabara ni lazima asaini, na kwamba shahidi niliyemwachia fomu alikuwa Haika. Alikuwa amesaini baada yangu. Na ile mistari miwili niliyoiacha mitupu ilikuwa imejazwa, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka:

"Sumaku moja, ipo msumarini. Kalenda imeondolewa.
Fundi alifokewa kwanza. Isale limepokelewa, na limeota mizizi."